Aliye ughaibuni anapigia kura jimbo gani?

Katika mikutano ya elimu ya mpiga kura huku Mtwara, kuanzia mjini hadi Newala na Tandahimba, swali linalorudi kila mara ni hili: kijana wetu yuko Oman au Afrika Kusini, kura yake inaingia jimbo gani? Wengine huja na jibu lao kabisa, kwamba ni jimbo la baba yake, kwa kuwa nyumba na shamba la mikorosho viko huko. Si kweli. Shamba halimwandikishi mtu, wala ukoo haumwandikishi.

Mtanzania hupiga kura katika kituo alichojiandikishia. Kituo kimo ndani ya kata, na kata imo ndani ya jimbo. Uchaguzi wa mwaka 2025 ulikuwa na majimbo 272, yaani 222 Tanzania Bara na 50 Zanzibar, na hakuna hata moja lililo nje ya mipaka ya nchi. Balozi zetu hazina vituo vya kupigia kura. Hata kura ya Rais, ambayo wengi hudhani haina mipaka, hupigwa kituoni.

Mkanganyiko huu, kwa sehemu, unatoka ng'ambo ya Ruvuma. Bunge la Msumbiji lina viti 250, na viwili kati ya hivyo ni vya raia wake walio nje: kimoja cha Afrika, kingine cha sehemu nyingine za dunia. Raia wa Msumbiji anayeishi Tanzania huhesabiwa katika eneo la Afrika. Uingereza humrudisha mpiga kura aliye nje kwenye jimbo alikoishi au kuandikishwa mara ya mwisho. Ufaransa ina majimbo 11 ya raia walio nje. Kila nchi ina sheria yake, na ya jirani haitumiki kwetu kwa sababu tu tunaoana na kuzikana.

Mvuvi wa Msimbati anayekwenda Palma, Msumbiji, kwa miezi kadhaa hapotezi nafasi yake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Siku ya uchaguzi arudi kituoni kwake. Asimpe kaka au shangazi kadi yake akampigie. Kadi ni ya mwenyewe, na kupiga kura kwa jina la mtu mwingine ni kosa la jinai.

Aliyejiandikisha Dar es Salaam, akaenda nje, kisha akarudi kuishi Masasi, hapaswi kujiandikisha upya. Anahamisha taarifa zake wakati wa uboreshaji wa Daftari. Anaweza kuanza kwa simu au kompyuta kupitia mfumo wa mtandaoni wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kisha afike mwenyewe katika kituo cha eneo analoishi sasa, akamilishe na kupewa kadi. Naomba hili lizingatiwe: mashine huchukua alama za vidole, na anayejiandikisha mara mbili hubainika. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Namba 1 ya mwaka 2024 kinaweka faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi 300,000, au kifungo kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. "Sikujua" si utetezi.

Aliyechukua uraia wa nchi nyingine akiwa mtu mzima si mpiga kura tena, hata akiwa na kadi ya zamani kabatini. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania haimrudishii haki hiyo.

Daftari la awali linapobandikwa vituoni, familia zenye ndugu nje ya nchi zikaangalie majina yao. Aliyefariki huko, toeni taarifa kituoni jina lake liondolewe. Mkiona jina la asiye na sifa, wekeni pingamizi kwa utaratibu uliopo, ndani ya siku zinazotangazwa.