Rafiki Si Sikio Tu: Dhana Potofu Kuhusu Urafiki na Mapenzi katika Hadithi

Katika miswada ya waandishi wanaoanza kuna mtu anayejitokeza tena na tena: rafiki wa mhusika mkuu. Ana jina, ana kikombe cha chai mkononi, na kazi yake ni kuuliza, "Halafu akasema nini?" Mpenzi akiingia ukurasa wa 40, rafiki huyo hupotea bila kuaga, kisha huibuka siku ya harusi akiwa amevaa sare. Mwandishi aliyemuumba hivyo mara nyingi ana kipaji. Kinachomwangusha ni imani kadhaa alizozimeza bila kuzitafuna, na nyingi zinatoka shina moja: mapenzi huandikwa kama mfululizo wa matukio, urafiki huandikwa kama sifa.

"Hadithi isiyo na mapenzi haina mvuto"

Kisa cha kima na papa kimesimuliwa pwani kwa vizazi, na Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi za Unguja. Humo hamna posa wala busu. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia baharini, papa yuko chini akiomba tunda, na siku baada ya siku kima anamtupia. Kisha papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamweleza kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao huacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Akishapanda hashuki tena.

Tazama kilivyosukwa. Urafiki unaanza kwa kitu kinachoshikika, tunda, bila kauli yoyote ya kwamba walipendana mno. Tunda linazaa deni, maana papa amekula sana na anataka kulipa fadhila. Deni linazaa mwaliko, na mwaliko unampeleka mnyama wa mtini mahali asipoweza kujiokoa kwa miguu yake. Papa naye si mwovu mtupu; ana mkubwa wake wa kumtii, na utiifu huo ndio unaogongana na urafiki. Ukiwa na deni, safari ya hatari na utiifu wa pande mbili, taharuki unayo, hata kama hakuna anayempenda mwenzake kimahaba.

"Urafiki hukua wenyewe, mapenzi ndiyo yanayotaka hatua"

Hapa ndipo miswada mingi huvunjikia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mapenzi yana desturi zinazombeba mwandishi. Posa, mahari, harusi, talaka: msomaji akiona wazee wanaingia uani na kreti za soda, anajua hadithi imefika wapi. Urafiki wa leo hauna cheti wala sherehe. Zamani ulikuwa nayo, kwa sababu watu walichanjiana na kuwa ndugu wa damu. Mwaka 1890 Frederick Lugard, afisa wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijipenyeza bara, alifika Dagoretti, na yeye na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, wakala kiapo cha udugu. Yaliyofuata, mpaka Waiyaki kukamatwa na watu wa kampuni hiyohiyo na kufia Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani, yanauma zaidi kwa sababu ipo siku inayojulikana ambapo ahadi ilitolewa. Vijana wawili wa Dagoretti ya sasa hawachanjiani. Siku yao ya ahadi ni lazima uitengeneze wewe.

Panga maonyesho matano. La kwanza ni fadhila ndogo ambayo mtoaji anaimudu: kumshikia mtu nafasi kwenye foleni ya maji, kumlipia nauli makanga anapodai hana chenji. La pili ni malipo, lakini yawe ya aina nyingine. Mtu aliyelipiwa nauli ya shilingi 50 akirudisha shilingi 50, hiyo ni biashara na imeisha. Akirudisha kwa kumwonyesha mwenzake fundi wa simu asiyeiba vipuri, uhusiano umeanza. La tatu, mmoja anaiona aibu ya mwingine na hasemi kitu. La nne ni kukataliwa: mmoja anaomba, mwingine anasema hapana, na ana sababu. La tano ni gharama, yaani mtu anatoa asichoweza kukimudu.

Onyesho la nne ndilo linalorukwa zaidi, na bila hilo la tano huwa bandia. Msomaji ambaye hajawahi kumsikia rafiki huyu akisema hapana ataona kujitoa kwake ni tabia tu, kama mtu asiyejua kukataa. Akishamwona amekataa mara moja, ile ndiyo ya baadaye inapata bei.

Halafu kuna suala la muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti uliokadiria kwamba watu huhitaji saa kama 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa juujuu, kama 90 kufikia urafiki kamili, na zaidi ya 200 kuwa marafiki wa karibu. Waliochunguzwa walikuwa Wamarekani, kwa hiyo usiichukue kama sheria ya Nairobi, lakini kama kipimo cha kupangia sura za kitabu inafaa sana. Abiria wawili wanaopanda matatu moja kutoka Kayole, safari ya saa nzima asubuhi na nyingine kama hiyo jioni, siku tano kwa wiki, wanapata saa 10 kwa wiki. Saa 50 zinatimia wiki ya tano. 200, wiki ya ishirini. Wauza mitumba wenye meza zinazopakana Gikomba, wakikaa sokoni saa 10 kwa siku sita, wanazivuka 50 kabla ya Jumapili ya kwanza. Ndiyo maana mahali unapowakutanisha wahusika ni uamuzi mkubwa kuliko unavyodhani. Abiria wako wakianza kukopeshana karo wiki ya pili, msomaji wa jiji hili hataona urafiki. Atangoja kuona nani atawekewa mchele, yaani dawa ya kumlaza ili aibiwe, kwenye soda.

"Rafiki yupo ili mhusika mkuu apate wa kuzungumza naye"

Tuseme Achieng na Mwende wanaishi bedsita moja mtaani Umoja. Kodi ni shilingi 9,000, kila mmoja hutoa 4,500. Achieng amepata mpenzi na anataka kuhamia kwake. Mwandishi mvivu atampa Mwende sentensi moja, "Nakuombea heri, dada," na kufunga sura.

Sasa weka hesabu mezani. Mwende analipwa 18,000, kwa hiyo kuanzia mwisho wa mwezi kodi itameza nusu ya mshahara. Dipoziti ililipwa na Achieng, na mwenye nyumba harudishi mpaka chumba kiachwe wazi na kupakwa rangi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ni wa Mwende, kichomeo ni cha Achieng. Godoro walichangia. Onyesho la kugawana vitu hivyo linaweza kuchukua kurasa sita bila neno "upendo" kutajwa, na litakuwa zito kuliko onyesho lolote la machozi. Achieng ataona kimya cha Mwende akidhani ni wivu. Mwende anapiga hesabu ya unga. Wamekoseana bila yeyote kuwa mbaya, na mapenzi ya Achieng yameongezeka uzito papo hapo, maana sasa yamemgharimu mtu.

Kabla ya kumwandika rafiki, jua anataka nini ambacho mhusika mkuu hawezi kumpa, pesa zake huisha tarehe ngapi, na nani mwingine anamtegemea. Kisha mwandikie angalau onyesho moja ambamo mhusika mkuu hayupo. Akishindwa kulibeba peke yake, bado ni mhusika bapa, asiye na undani, hata umpambe kwa utani wa namna gani.

Wengine hutumia kipimo kilichotokea katika katuni ya Alison Bechdel mwaka 1985: je, kuna wanawake wawili, wanazungumza wao kwa wao, na juu ya jambo lisilo mwanamume? Ni kizingiti cha chini mno, na hadithi mbovu hukivuka bila jasho. Lakini ile inayoshindwa kukivuka inakuambia kwamba marafiki wa kike uliowaandika wana mada moja tu ya maisha.

"Mwanamume na mwanamke wakiwa marafiki, mwisho watapendana"

Msomaji hatabiri hivyo kwa sababu ya jinsia tu. Mwandishi amekuwa akimpa ishara: mvua iliyowabana chini ya kibanda kimoja, harufu ya manukato, macho yaliyokutana "kwa muda", mchumba wa pembeni anayenuna, neno linalokatizwa na simu. Moja pekee haina madhara. Zikikutana tatu ndani ya kurasa ishirini, msomaji ameshawaoza, na usipowaoza atahisi umemdanganya.

Dawa ni kuziondoa, na kuruhusu swali liulizwe mapema. Nairobi litaulizwa tu. Mama mboga atauliza akipima sukuma, "Huyu ndiye shemeji?" Usiwafanye wote wawili wakae kimya, na usimpe mmoja jibu la "huyu ni kama dada yangu", kwa kuwa jibu hilo limetumika mara nyingi mno kama utangulizi wa harusi. Acha mmoja acheke, aseme "Huyu? Bado ana deni langu," na wote warudi kubishana nani alipe. Mwili wa rafiki uelezwe kupitia kazi anayofanya: mkono unaofunga boliti, mgongo uliochoka kubeba mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne.

"Wanaume hawasemi ya moyoni, kwa hiyo urafiki wao hauandikiki"

Wanasema, ila kwa mlango wa nyuma. Mafundi wawili wa magari, mama wa mmoja wao akiwa amelazwa Hospitali ya Kenyatta:

"Buda, mathe anaendeleaje?"

"Bado yuko Kenyatta."

"Kesho asubuhi sina gari la kutengeneza."

"Sawa."

Mazungumzo haya yanafanya kazi kwa sharti moja: ukurasa uliotangulia, msomaji awe amemwona mteja wa huyo anayeuliza akitishia kulihamisha gari lake lisipokuwa tayari kesho asubuhi. Bila hilo, sentensi ya tatu ni taarifa tu; likiwepo, ni mtu aliye tayari kumpoteza mteja ili aende hospitali na mwenzake. Hisia imewekwa katika pengo kati ya kinachosemwa na kinachojulikana, na pengo hilo hujengwa kabla ya mdomo kufunguliwa. Kamati za matanga nazo ni shamba lisilolimwa vya kutosha: nani anashika daftari la michango, nani anaandika jina lake kwa kiasi asichonacho, nani anabaki kupanga viti.

"Marafiki wa kweli hawakosani"

Basi huna hadithi. Ila kumbuka kwamba urafiki hauna talaka, kwa hiyo mwisho wake huonekana kwa dalili ndogo: aliyekuwa akipiga simu anaanza kuandika ujumbe, ujumbe unasomwa na haujibiwi hadi kesho, na siku wanapokutana barabarani mmoja anasema "tutafutane" bila kutaja siku. Mkazi wa Nairobi akisoma neno hilo hahitaji maelezo zaidi.

"Ukiupa urafiki nafasi, unayashusha mapenzi"

Robin Dunbar, mtafiti wa Oxford, alieleza mwaka 2010 kwamba mtu anapoingia katika penzi jipya, kundi lake la watu wa karibu kabisa, ambao kwa kawaida ni kama watano, hupoteza wawili hivi. Sababu ni ya kawaida: muda ni uleule. Kwa mwandishi, hiyo ni zawadi. Mhusika wako akipenda, taja ni nani wawili walioanguka, na nani kati yao aligundua kwanza. Penzi lisilomwondoa mtu yeyote mezani huonekana jepesi, hata likipambwa kwa mashairi.

Kuna tahadhari moja hapa. Kitabu kinachouzwa kama hadithi ya mapenzi kina ahadi kwa mnunuzi, na ahadi hiyo itimizwe. Wapenzi wabaki mhimili, urafiki uwe mkondo wa pili, na mikondo hiyo igongane angalau mara mbili: mara moja kabla ya katikati ya kitabu, mara moja karibu na kilele. Ikienda sambamba bila kugusana, umeandika vitabu viwili ndani ya jalada moja.

Rasimu ikikamilika, chukua kalamu na karatasi. Orodhesha kila onyesho alilomo rafiki, na mbele ya kila moja andika amepata nini na amepoteza nini. Ukiona maonyesho matatu yanayofuatana ambayo safu zote mbili ziko tupu, unganisha mawili na ufute la tatu. Mara nyingi linalofutwa ni lile la simu, kwa kuwa watu wawili walio kwenye simu hawana cha kunyang'anyana wala cha kupeana. Likibaki, basi salio la mmoja wao liishe katikati ya jambo muhimu.