Kutu kwenye vichwa vya betri ya litiamu: ninayoyaona mwaloni Kibirizi

Juzi mzee mmoja mwenye maboti mawili ya dagaa aliniletea betri yake hapa Kibirizi, Kigoma. "Fundi, ulisema litiamu haina asidi. Huu ukijani umetoka wapi?" Nikafungua kasha. Kichwa cha chanya kilikuwa kimeota unga mweupe, lagi ya kopa (kile kipande cha mwisho wa waya kinachofungwa kwenye bolti) imegeuka kijani, na plastiki pembeni ya bolti imeanza kubabuka. Seli zote nne zilikuwa nzima. Taa zilizokuwa zikififia usiku kucha zilinyimwa umeme na kiungo kimoja kisichozidi upana wa ukucha.

Swali lake lina msingi. Betri za asidi zilitufundisha kwamba kutu inatoka ndani, kwenye mvuke wa asidi. Ya litiamu hutoka nje, ziwani. Wavuvi wengi huniambia maji yetu ni baridi, si ya chumvi kama ya Dar es Salaam, kwa hiyo hayali kitu. Yanakula. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, pH yake (kipimo cha uasidi) inakaribia 9, na yanapitisha umeme kuliko maji ya mvua. Ongeza utelezi wa dagaa na jasho la mikono. Unyevu huo ukiunganisha chanya na hasi, volti 12 zinatosha kuila metali ya upande wa chanya kidogo kidogo. Hata taa zikiwa zimezimwa, aluminiamu ikigusana na kopa penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Na vichwa vya seli nyingi za litiamu ni aluminiamu, wakati lagi tunazofunga ni kopa.

Tuseme taa zako zinavuta ampea 20, na kutu imeongeza ukinzani wa omu 0.05 tu kwenye kiungo. Unapoteza volti 1 nzima, na wati 20 za joto zinakaa pale pale kwenye bolti. Hapo ndipo plastiki inapoyeyuka. Litiamu inaweza kutoa mkondo mkubwa bila kuchoka, kwa hiyo kiungo kibovu hakipati nafuu mpaka kiungue.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuzima mizigo yote, kuvua pete na saa, na kuzungushia tepu mpini wa spana. Spana ikigusa chanya na hasi ya litiamu kwa pamoja, cheche yake si ya mchezo. Sugua kichwa na lagi kwa msasa laini mpaka metali ing'ae, pangusa kwa spiriti, kausha. Aluminiamu haikusubiri: ndani ya muda mfupi hujivika tena ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Paka mara hiyo hiyo utando mwembamba wa grisi ya viungo vya umeme vya aluminiamu, kisha funga.

Mpangilio wa washa, vile vibati vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati, ndio unaoniumiza roho, maana naukuta umekosewa karibu kila wiki. Lagi ikae moja kwa moja juu ya kichwa. Washa bapa ifuate, halafu washa ya springi, halafu nati. Ukiweka washa ya chuma kisichoshika kutu chini ya lagi, umeme wote unalazimika kupita kwenye metali isiyopitisha vizuri. Usikaze kwa hasira pia. Nyuzi za aluminiamu (meno ya kukazia) hukatika.

Kikishakazwa, funika kiungo chote kwa grisi. Haponyi kiungo kibaya yule anayepaka grisi juu ya kutu. Anaifungia ndani tu. Lakini kwenye metali safi grisi ni kinga kubwa, na ziwa hili lina ushahidi wake. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, walipaka mashine zake grisi nene kwanza. Waingereza waliiibua 1924, mashine bado zinafaa, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba.

Waya nao uwe wa kopa iliyopakwa bati ukiupata, na mahali unapoingia kwenye lagi uvishwe mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Tepu nyeusi peke yake hunyonya maji na kuyatunza. Kasha likae juu, mbali na maji ya chini ya boti, na kila waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia, ili matone yadondokee nje.

Usisahau zile waya nyembamba zinazopimia kila seli. Lagi yake ndogo ikishika kutu, kifaa cha ulinzi husoma volti za uongo na kukata umeme katikati ya ziwa, betri ikiwa imejaa.

Mimi nawaambia wavuvi wangu wakague kila mbalamwezi, maboti yanapopumzika pwani. Washa taa zote, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa na nyingine kwenye lagi yake. Kiungo kizima husoma milivolti chache. Ikifika 50, kifungue. Betri ya mzee ilisoma 900 ilipoingia. Nilipomaliza kusugua na kufunga upya, ilisoma 4.