Warren Zevon: wanayosema wapenzi wa roki Nairobi, na yaliyo kweli

Mtaje Warren Zevon, mwimbaji na mtunzi wa roki wa Marekani, mbele ya wapenzi wa roki wa Nairobi, wachache lakini wabishi, uone. Kuna atakayebweka kama mbwa mwitu, kwa sababu ya Werewolves of London wa 1978, kisha mengine yafuate: jamaa wa mzaha, wimbo mmoja, pombe ikammaliza. Karibu yote hayo si kweli.

"Ni mtu wa wimbo mmoja."

Ukihesabu chati za Marekani peke yake, sawa: huo ndio wimbo wake pekee ulioingia arobaini bora, ukafika nafasi ya 21. Lakini nyimbo zake zilitembea kwa vinywa vya wengine. Linda Ronstadt aliimba kadhaa, hata albamu yake ya 1976, Hasten Down the Wind, ikapewa jina la wimbo wa Zevon. Mwaka 1996 Terri Clark wa Kanada akaurudia Poor Poor Pitiful Me kwa mtindo wa country. Kwa hiyo wewe unayejaza baa za Nairobi usiku wa country, na hilo kofia lako pana, huenda umeshamcheza Zevon bila kumjua. Hata piano inayofungua All Summer Long ya Kid Rock ni ya Werewolves.

"Huku kwetu hakukumhusu."

Hapa nitakaa kidogo. Albamu ile ile ya mbwa mwitu, Excitable Boy, ina Roland the Headless Thompson Gunner. Roland ni mamluki kutoka Norway anayepigana Kongo mwaka 1966 na 1967. CIA inaamua afe, na mwenzake Van Owen anamfyatua kichwa. Mwili usio na kichwa unainuka na kumsaka muuaji bara zima. Unamkuta wapi? Mombasa, kwenye baa, anakunywa jini. Bunduki inalia, na Van Owen anarushwa vipande hadi Johannesburg.

Wapo wanaoapa kwamba Roland aliishi kweli. Hapana, ni mzuka wa kutungwa. Vita ndivyo havikutungwa: mwaka 1967 mamluki wa kizungu waliasi na kuushika mji wa Bukavu. Zevon aliandika wimbo huu pamoja na David Lindell, aliyewahi kuwa mamluki Afrika, na wakati huo alikuwa na baa Sitges, Uhispania, ambako Zevon alikuwa akipiga muziki. Wimbo unadai wanaume hao waliua ili wapate riziki, na pia kuwasaidia Wakongo. Anauimba mstari huo kwa uso mkavu kabisa. Kwa msikilizaji wa Nairobi, jirani wa Kongo, kejeli hiyo haihitaji mfasiri.

"Mchekeshaji tu, muziki hakusoma."

Akiwa kijana alikuwa akifika nyumbani kwa Igor Stravinsky, mtunzi mashuhuri wa muziki wa klasiki. Baadaye aliongoza bendi ya Everly Brothers, ndugu wawili waimbaji wa Marekani. Tuendelee.

"Pombe na sigara ndizo zilizomuua."

Kunywa alikunywa, tena vibaya, lakini aliiacha pombe kwa miaka mingi. Kilichomuua tarehe 7 Septemba 2003, akiwa na miaka 56, ni mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Chanzo chake kikuu kinachojulikana ni vumbi la asbestosi, zile zile za mapaa ya zamani ambazo fundi wa mtaani huzikata bila hata kitambaa puani. Hospitali alizikwepa miaka 20, na kwa David Letterman, mtangazaji wa kipindi cha usiku cha televisheni Marekani, alikiri kwamba huenda hilo lilikuwa kosa la kimbinu. Ukumbi ukacheka.

"Alikata tamaa akangoja kufa."

Kipindi hicho cha Letterman kilikuwa tarehe 30 Oktoba 2002, na kilitengwa chote kwa ajili yake. Alipoulizwa amejifunza nini kuhusu uhai na kifo, alijibu kuwa ni jinsi mtu anavyopaswa kufurahia kila sandwichi. Kisha Letterman akaomba Roland, na Van Owen akafia tena Mombasa; Zevon hakutumbuiza tena hadharani. Madaktari walikuwa wamempa miezi mitatu. Yeye aliingia studio kurekodi The Wind, na Bruce Springsteen na wengine wakaja kumsaidia. Wajukuu wake mapacha walizaliwa akiwa hai, na albamu ikatoka tarehe 26 Agosti 2003. Grammy mbili zilikuja 2004, za kwanza kwake, naye keshafariki. Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, iliona haraka ya nini? Ilimwingiza mwaka 2025.