Dawa ya mapafu ya njiti haibebwi kwenye mkoba

Kila inapokaribia Novemba 17, Siku ya Watoto Njiti Duniani, dawati letu la malalamiko hapa hospitalini hupokea swali lile lile: "Mbona mtoto wa mwenzangu kachomwa dawa ya mapafu, wangu kanyimwa?"

Kwanza, haichomwi. Dawa hiyo, surfaktanti (majimaji yanayozuia vifuko vya hewa mapafuni visisinyae), hupitishwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye koo la hewa. Hupewa mtoto ambaye mapafu yake hayajatengeneza ya kwake ya kutosha. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 29 ya mimba, kila akitoa pumzi, vifuko vyake vya hewa husinyaa na kugandana kama mfuko wa nailoni ulioloa (ile tuliyokatazwa). Ndiyo maana mbavu huingia ndani, pua hupanuka, naye huguna. Lakini huguna pia mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni mwenye nimonia, au aliyezaliwa kwa upasuaji akabaki na maji mapafuni. Hao tiba yao ni nyingine. Hata njiti wengi huanza na CPAP, mashine ya kusukuma hewa puani, na wakitulia hapo dawa haihitajiki. Kutopewa si kunyimwa, na hili tumelisema mara nyingi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu hukosana na wauguzi. Kichupa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Hupashwa taratibu hadi joto la chumba na kupinduliwa polepole, hakitikiswi. Dozi ya kwanza ya poraktanti, aina mojawapo ya surfaktanti, ni miligramu 200 kwa kila kilo, hivyo mtoto wa kilo 1.2 hupata miligramu 240, yaani mililita 3 tu. Kikishatobolewa, kinachobaki hutupwa, hata kama umekilipia mwenyewe. Kwa hiyo kichupa alicholeta shangazi kutoka ng'ambo ndani ya mkoba hatukipokei: hakuna ajuaye kimepita kwenye joto gani. Na anayeileta kuuza ajue: kuuza dawa isiyosajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania) ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, lenye adhabu ya faini au kifungo. "Nilitaka kusaidia tu" haimsaidii muuzaji mbele ya mkaguzi.

Kuhusu fomu ya ridhaa: poraktanti hutokana na mapafu ya nguruwe, na beraktanti, aina nyingine, na ya ng'ombe. Mzazi Mwislamu au Msabato ana haki ya kuuliza ipi ipo kabla ya kusaini, na daktari anapaswa kumjibu bila kununa. Tunaomba tu swali lije mapema, si mtoto akishabadilika rangi.

Lililo muhimu kuliko kichupa ni sindano za kukomaza mapafu anazochomwa mama: deksamethazoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Wapo wanaozikataa wakidai zinaleta uchungu. Hazileti. Ila hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa baada ya saa 24 tangu ya kwanza, kwa hiyo uchungu ukianza usiku katika wiki ya 30, usingoje kupambazuke. Njoo na kadi ya kliniki na majibu ya ultrasaundi ya awali. Bila kujua wiki za mimba, daktari hawezi kuandika sindano hizo kwa uhakika.