Kupamba chakula kwa picha ni nini?

Ukipita mgahawani mjini Moshi asubuhi, mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hukuita kwa harufu kabla hujauona. Kamera haina pua. Upige picha mtori uleule kwa simu, na utapata uji wa rangi ya udongo ambao nyama zake zote zimezama. Kupamba chakula kwa picha ni kazi ya kuyafidia macho kwa kile ambacho pua na ulimi vimekosa: kuchagua chombo, kupanga vipande na kukiweka chakula kwenye mwanga, hadi anayetazama ajue kuwa ni cha moto, kina mafuta, na kimetoka jikoni sasa hivi.

Neno “kupamba” huwapotosha wengi, wakakimbilia maua ya nyanya na majani yasiyohusika. Mimi ningeanza na mwanga. Moshi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, na supu iliyopigwa picha nje saa hiyo huonekana bapa kama rangi ya ukutani. Sogeza bakuli karibu na dirisha, zima taa ya ndani, mwanga uje kutoka ubavuni au nyuma kidogo. Hapo matone ya mafuta hung’aa na kila kipande cha nyama hupata kivuli chake. Mvuke ni mkaidi zaidi: unataka mwanga utoke nyuma yake, na nyuma ya bakuli pawe na kitu cheusi. Mbele ya ukuta mweupe hauonekani kabisa. Asubuhi za Julai, Mlima Kilimanjaro ukiwa umejifunika mawingu, mwanga laini unapatikana bure.

Kamera ikae wapi? Nyama choma iliyotandazwa kwenye sinia, piga kutoka juu. Chapati zilizopangwa, shuka usawa wa meza. Mtori unapendeza kwa nyuzi 45 hivi, pale yalipo macho ya mlaji aliyeketi.

Nyama kuzama si tatizo letu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani, matangazo ya supu ya Campbell yalipigwa baada ya kutia gololi za kioo chini ya bakuli, ili mboga zibaki juu. Tume ya Shirikisho ya Biashara iliingilia, na mwaka 1970 kampuni ikaamriwa iache. Nami mpaka nauweka hapohapo. Kuchagua kipande kizuri ukakiweka juu ni kupamba; kumwonyesha mteja nyama nyingi kuliko atakayopakuliwa ni kumwibia. Bakuli pana lisilo na kina hulimaliza tatizo bila gololi. Lisiwe jeupe sana, maana mtori umepauka na weupe huufanya uonekane mchafu. La udongo, au kitambaa cha bluu chini yake, huiamsha rangi.

Halafu kuna muda. Mtori ukikaa hushika utando juu, na mafuta ya ng’ombe yakipoa huganda meupe, picha ikaonyesha kiporo. Kwa hiyo panga kila kitu kwa bakuli la majaribio: meza, kitambaa, kijiko, pembe ya kamera. Ukisharidhika ndipo jikoni wapakue la moto, nawe upige haraka. Lile la majaribio mimi huwa nalidai kabla hata ya malipo.