"Ajali haina kinga" na breki mbovu

Juzi nilikuwa msibani, kijana kafia kwenye gari la abiria, mwenye gari akapewa nafasi atoe pole, kasimama anasema ajali haina kinga, ni mpango wa Mungu, tumwachie yeye. Watu wakaitikia amina. Na pale nusu ya waombolezaji walijua lile gari lina wiki mbili linakwaruza breki. Sijui ni mara ya ngapi nasikia fundisho zito la Ukristo linageuzwa kitambaa cha kufutia mikono, basi leo niseme.

Kwa kifupi, ukuu wa Mungu maana yake hakuna kinachotokea nje ya utawala wake, na wajibu wa mwanadamu maana yake kila mtu atahukumiwa kwa alichofanya mwenyewe. Ukristo unashika yote mawili. Wakalvini na Waarminio, makundi mawili ya Waprotestanti, la kwanza linasisitiza uamuzi wa Mungu na la pili hiari ya mtu, wamebishana sana yanaunganaje, Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, ilikaa kwa ugomvi huohuo, lakini hakuna upande uliotoka na hoja kwamba mkosaji hana kosa. Hata Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la Wakalvini wa Uingereza, ambalo kwa habari ya Mungu kupanga mambo yote halina mzaha, linaongeza papo hapo kwamba yeye si mwanzilishi wa dhambi wala halazimishi nia ya mtu.

Sasa neno lenyewe, ajali. Kwa Kiarabu ajal ni muda uliowekwa, siku yako ya kuondoka, na Kiswahili cha wazee kilikuwa na maana hiyo, mtu akisema ajali yake imefika anamaanisha siku zake zimekwisha hata kama kafia kitandani. Ukiisoma methali kwa maana hiyo inakaa vizuri kabisa, siku ya kufa haina kinga, nani atabisha? Ila sisi leo ajali ni magari kugongana, na mimi naona hapo ndipo tulipopotezana, tumechukua kauli ya kifo tukaihamishia kwenye tairi zilizoisha, na tairi zina kinga bwana, zinauzwa dukani.

Na Biblia haichanganyi hivi vitu hata kidogo. Kumbukumbu la Torati 19, mtu anakata kuni, shoka linachomoka kwenye mpini linamuua mwenzake, huyo anapewa mji wa kukimbilia, hakukusudia. Lakini sura ya 22 inasema ukijenga nyumba weka ukuta kandokando ya dari, yaani paa la juu, mtu akianguka usije ukawa na damu juu ya nyumba yako. Halafu Kutoka 21, ng'ombe mwenye mazoea ya kupiga pembe, mwenyewe kaonywa, hakumfunga, akiua mtu basi ng'ombe anapigwa mawe na mwenyewe naye anauawa. Yaani swali ni ulijua au hukujua. Wiki mbili za breki kulia ni kuonywa, sijui unataka kuonywa kupi tena.

Ninayoipenda zaidi ni Matendo 27. Paulo yuko melini, dhoruba kali, watu 276, malaika kashamwambia hatapotea hata mmoja. Imeahidiwa, imeisha. Aya chache mbele mabaharia wanashusha mashua kijanja watoroke, na Paulo huyohuyo anamwambia akida, hawa wasipobaki humu ninyi hamtapona. Hakusema tulieni Mungu ameshapanga, na askari hawakumwona ana imani haba, walikata kamba za mashua.

Najua mtu atanitajia Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Sawa, ila Ayubu alisema hivyo akiwa mfiwa, hakuwa mwenye basi. Na sura ileile inasema wazi ni Waseba walioteka ng'ombe na kuua watumishi, hakuna aliyewaosha mikono eti walikuwa wanatimiza mpango.

Kwa hiyo mzee wangu, simkatalii mtu kumtaja Mungu msibani, tungefarijiana na nini kingine. Hilo neno waachie wafiwa walitamke wenyewe wakiwa tayari. Wewe ukipewa nafasi sema gari lilikuwa langu, breki nilizijua, nisameheni, kisha ukae.