Ambulensi Ikiua Mtu Barabarani, Nani Anadaiwa?

Gari la wagonjwa likitoka Ndanda au Nyangao kumkimbiza mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, Mtwara, huwa na safari ndefu. Litapita makutano ya Mnazi Mmoja, kisha vijiji ambako watoto wanavuka, mbuzi wamelala barabarani, na msimu ukifika bodaboda zimepakia magunia ya korosho. King'ora kikilia, kila mtu anapisha. Likimgonga mtu akafa, wengi husema hakuna kesi, kwa sababu dereva alikuwa anaokoa maisha. Hilo si kweli, na familia inayoliamini hupoteza haki yake kimyakimya.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inayapa magari ya dharura kipaumbele. Kipaumbele hicho si ruhusa ya kuendesha kizembe. Dereva wa zimamoto, polisi au ambulensi bado anatakiwa kuwa mwangalifu kama dereva makini ambaye angekuwa kwenye haraka ileile. Mahakama itauliza: alipunguza mwendo kwenye makutano? Aliwapa watu nafasi ya kusikia na kukaa pembeni? Je, kulikuwa na dharura kweli? Wapo wanaowasha king'ora gari likirudi tupu, na hao hawana cha kujitetea.

Sheria yetu ya madhara, yaani ya kumdai fidia aliyekuumiza kwa uzembe, imerithi mengi kutoka Uingereza, na maamuzi ya huko, ingawa hayatufungi, husomwa mahakamani kwetu. Mwaka 1938, katika shauri la Ward dhidi ya London County Council, dereva wa gari la zimamoto lililopita taa nyekundu na kugongana na gari jingine alionekana mzembe. Mwaka 1954, katika shauri la Watt dhidi ya Hertfordshire County Council, askari wa zimamoto aliyeumia kazini alishindwa, kwa kuwa walikuwa wanakwenda kumwokoa mwanamke aliyenaswa chini ya gari na hatari waliyoibeba ilistahili. Lakini humohumo Jaji Denning alisema kuwa ambulensi na magari ya zimamoto yasikatize taa nyekundu, maana hatari yake ni kubwa kupita kiasi. Naona alikuwa sahihi. Mgonjwa mmoja haokolewi kwa roho ya mpita njia.

Upande wa jinai nitaupitia haraka. Dereva anaweza kushtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, kama dereva mwingine yeyote, na akafungiwa leseni. Familia ikisema "tumemsamehe", hiyo haifuti kesi, kwa sababu kesi si ya familia, ni ya Jamhuri. Vilevile msamaha huo hauui madai ya fidia. Hukumu ya jinai ikishatoka huweza kutumika kama ushahidi kwenye kesi ya madai.

Tatizo kubwa liko kwenye madai yenyewe. Kwanza, fahamu gari ni la nani, na anza kwa kutazama kibao cha namba. ST ni serikali kuu, SM serikali za mitaa, SU shirika la umma, PT Polisi. Namba ya kawaida inayoanza na T inaweza kuwa ya hospitali ya dini au ya mtu binafsi. Mwenye gari hubeba uzembe wa dereva wake aliyekuwa kazini, kwa hiyo usihangaike na dereva peke yake, ambaye mshahara wake unaujua.

Gari likiwa la serikali, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Notisi inaeleza msingi wa madai, inakwenda kwa wizara, idara au ofisa husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020, utaratibu huu unazihusu pia halmashauri, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri. Asipounganishwa, shauri linaharibika hata kama ushahidi wako ni mzito. Kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na kwa Lindi na Mtwara ni Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara.

Sasa hesabu muda. Huku kwetu watu husubiri arobaini ipite, kisha warithi wakutane, kisha mtu fulani arudi kutoka Dar es Salaam, kisha korosho ziuzwe. Madai ya madhara kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu, lakini kwa kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa mamlaka ya sheria iliyoandikwa upo ukomo wa mwaka mmoja, na wakili wa serikali hataona aibu kuutumia. Ukitoa siku 90 za notisi, mwaka huo umebaki mfupi. Wakati unasubiri, fungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu fidia ya kifo chini ya Sura ya 310, sheria inayohusu ajali za vifo, kwa kawaida hudaiwa na msimamizi wa mirathi kwa faida ya mke au mume, watoto na wazazi. Fuatilia pia ramani ya eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari kwa trafiki.

Mahakama ikiona marehemu naye alichangia, kwa mfano aliingiza pikipiki barabarani akisikia king'ora, fidia hupunguzwa. Milioni 40 kwa mchango wa robo hubaki milioni 30. Haifutwi.

Rambirambi ipokeeni; ni ubinadamu. Ila karatasi iliyoandikwa "sina madai zaidi" isisainiwe msibani.

Yupo pia dereva wa jamii wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, anayeitwa kupitia 115 kumbeba mjamzito ambulensi isipopatikana. Gari ni lake, halina king'ora, na barabarani hakuna anayejua amebeba nani. Asijione ambulensi: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi zinamhusu. Aiulize kampuni yake ya bima kama mkataba wake unafunika kubeba mgonjwa kwa malipo, apewe jibu kwa maandishi. Akigonga, yeye ndiye wa kwanza kudaiwa. Kama serikali nayo itabeba mzigo itategemea ushahidi kwamba alikuwa akitenda kwa niaba yake.

Na muuguzi akifa ndani ya ambulensi, familia yake iende Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndani ya miezi 12. Huko hawatatakiwa kuthibitisha uzembe wa mtu.